Baba Aliitwa Bwambale

Harufu ya muhogo wa kuvundika ikinifikia popote nilipo, niko kijijini kwetu Munkunyu tena, mtoto wa miaka sita, na Koplo Okello ameketi jikoni kwetu, bunduki imelala mapajani, anamngoja baba. Baba alikuwa mkalimani wa wanajeshi wa serikali, Okello akiwa mmoja wao, waliopiga kambi juu ya shamba letu kuwasaka waasi. Kiswahili alikiokota migodini Kilembe. Vijiji vyote walivizunguka wawili hao, na siku baba alipopigwa risasi ya mguu, Okello alimbeba mgongoni mpaka mlangoni kwetu. Sisi Wakonzo jina linafuata zamu ya kuzaliwa: mwana wa kiume wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Mimi Masika, binti wa kwanza, nilikuwa nayajua majina ya kijiji kizima.

"Masika, na mimi wa tatu kwetu?" Okello aliniuliza.

"Wewe Masereka. Mdogo wa baba."

"Basi kaka anipikie!"

Baba alipoingia tu, akaja mkubwa wao na askari, karatasi mkononi. Alimtaka Bwambale wa Munkunyu, ati anawapelekea waasi habari.

"Afande, huku kila nyumba iko na Bwambale," Okello akasema.

"Na huyu mkalimani yako, jina yake nani?"

"Baluku, afande."

Mimi, niliyefundishwa Kiswahili na Okello mwenyewe, nikaona mtu mzima amekosea. "Hapana! Baluku ni baba mkubwa. Baba ni Bwambale!"

Askari mmoja alicheka. Mkubwa hakucheka. Okello akavua mkanda wake wa jeshi kabla ya kuamriwa, kama askari anayekamatwa, akasimama kando ya baba. "Kama anaenda, na mimi naenda." Mama, asiyejua Kiswahili, akauliza wanasema nini. Baba akamtafsiria kwa sauti yake ile ile ya kazi: "Wanasema tutarudi jioni." Hakuna aliyesema hivyo. Hawakurudi, wote wawili, wala kaburi hatukuonyeshwa.

Siku hizi kila mtu ana kitambulisho chenye picha na namba, Bwambale huyu hachanganywi na yule, na vijana wanaona ni jambo dogo. Mwanangu wa kiume wa pili alizaliwa kabla ya hizo namba. Nilikataa aitwe Bwambale, nikamwachia jina la kanisani peke yake, Yosefu, mpaka wakwe zangu wakanichukia. Ana mvi sasa. Akiniuliza kwa nini nilimnyima jina la babu yake, namjibu kwamba nilisahau. Haniamini, maana soko zima la Bwera, ninakouza, linajua sisahau jina la mtu.