Goti la Shangazi

Shangazi yangu ni bingwa wa kuanza. Aliwahi kuanza kukimbia asubuhi, ilipofika Jumatano akaacha. Aliwahi kuacha sukari, akaacha kuacha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo alipotoka hospitali na goti lililopasuliwa, akaapa atanyoosha mguu mara sitini kwa siku, mimi na mama tulitazamana tu.

Safari hii lakini haikuwa mzaha. Mtaalamu wa viungo alimwambia waziwazi kwamba asiponyoosha kwa miezi mitatu, goti litakakamaa moja kwa moja. Na Shangazi ni fundi cherehani, tena cherehani ya kukanyaga, mwaka wa thelathini huu. Hajui kazi nyingine wala hataki kuijua.

Siku nne alijituma. Ya tano akasema hamu imemtoka.

"Nani kakwambia usubiri hamu?" mtaalamu akamuuliza. "Ukishona, kitu gani lazima ufanye, utake usitake?"

"Kubadilisha bobini, uzi wa chini ukiisha."

"Basi kila bobini ikiisha, nyoosha mara kumi ndipo uweke nyingine."

Ikawa hivyo. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na bobini ikiisha, ananyoosha wa kulia huku akimtukana mtaalamu na ukoo wake wote. Nikaanza kuona aibu kwa kumdharau.

Wiki ya tatu matusi yakapungua. Nilidhani amepata moyo. Kumbe alikuwa anazijaza bobini uzi mpaka zinatuna, ili zichelewe kuisha. Hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua bobini iliyojaa kupita kiasi haizunguki. Fundi wa miaka thelathini akajitia hajui. Ikakwama katikati ya sketi ya mwalimu mkuu, uzi ukajisokota chini, naye alipoivuta kwa hasira, sketi ikachanika mbele yote.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa na ile sketi mapajani, akasema polepole, "Mwanangu, naogopa. Ninyooshe miezi yote hiyo halafu goti likatae? Bora nisijue."

Nilichukua bobini zote, nikazipunguza uzi hadi nusu, nikamrudishia. "Hizi zinaisha upesi. Sasa utanitukana mimi."

Alinitukana kweli, miezi miwili na ushee. Hamu haikurudi hata siku moja. Alinyoosha akiwa amenuna, alinyoosha akiwa na mafua, alinyoosha wateja wakimsubiri mlangoni.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi kola katika chumba chake cha kushonea, nikasikia mlio wa cherehani umebadilika, umekuwa wa haraka na wa sawasawa. Nikageuka. Miguu yote miwili ilikuwa kwenye pedeli.

"Toka nje," akasema bila kunitazama. "Nataka kulia, na wewe utanicheka."

Nikatoka haraka, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.