Shimo la boti limepotea na bima imekwenda nalo

Jamani, leo mume wangu ameponzwa na kazi nzuri!

Juzi boti yake ya matanga iligonga mwamba hapa Sio Port, ikatoboka ubavuni. Watu wa bima wakasema tungoje mkaguzi.

Lakini mnajua subira ya mzee wangu. Akamwita fundi Ouma, naye akaliziba shimo.

Leo mkaguzi amefika kutoka Busia, kamera shingoni, filamu mpya ndani.

"Shimo liko wapi?"

Mzee akamgeukia fundi amtetee.

Ouma akacheka kwa fahari: "Boss, hata utafute mpaka jioni, hulioni!"

"Basi bima ilipe nini?" Mkaguzi akaondoka.

Sasa Ouma yuko kwangu anakula samaki, ananiuliza: "Mama, mbona mzee hafurahii kazi yangu?"

Nimjibuje?