Aliyemuua Mjomba

Jumamosi nilikuwa nangoja zamu yangu katika saluni moja ya Isipingo. Dada Mkongomani alikuwa akimsuka mteja huku akimsimulia hadithi anayoitunga. Mhusika wake, aliyefukuzwa na mume, alikuwa amekaa na begi kwenye kituo cha teksi.

“Mjomba wake atume nauli,” mteja akaomba.

“Mjomba nilimuua wiki iliyopita, mama. Angeharibu kila kitu na huruma yake.”

“Basi arudi kwa bwana?”

Vidole vya msusi vikasimama. “Iko teksi mbili mbele yake: ya kurudi, na ya kwenda pahali hajui mtu. Achague mwenyewe.”

“Eish. Asirudi, dada. Suka.”

Nilimwonea wivu msusi. Mimi huandika hadithi gazetini, na msomaji wangu akichoka hufunua ukurasa wa michezo. Wake hawezi kutoka na kichwa kilichosukwa nusu.