Mayai Juu ya Ngazi

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi pale Sonatubes. Kwenye televisheni yake mtafsiri wa filamu alikuwa akipayuka juu ya sauti za waigizaji, kama tulivyozoea hapa Kigali: hakuna filamu inayoachwa ijieleze yenyewe. Wateja walicheka. Mimi damu ilinichemka, maana sauti ile ilinirudisha sebuleni kwetu Niboye, enzi za shule ya msingi.

Baba alikuwa na diski ya vichekesho vya zamani visivyo na sauti. Kimoja nilikipenda kupita vyote: jamaa mwembamba anavuka kutoka paa moja hadi jingine juu ya ngazi iliyolazwa, trei ya mayai mkononi, uso mkavu utadhani anavuka barabara. Ngazi inapinda, mguu unateleza, mayai yanaruka juu na kutua tena kwenye trei. Chini polisi mnene ameachama. Jamani, maneno ya nini hapo?

Baba, sasa! Kila Jumamosi aliyaweka maneno hayo. "Anakanyaga... ngazi inapinda... weee, mayai hayo!" Mbaya zaidi, mguu ukiwa hewani alibonyeza rimoti, picha ikaganda, ili amalizie kueleza. Hapo ndipo Bibi, mama yake Mama, alipoangua kicheko kwenye kiti chake, mimi na dada zangu tumeshanuna.

"Baba, si tunaona wenyewe!"

"Hebu tulieni."

Nilitamani kitu kimoja tu: kumwona yule jamaa akivuka bila kukatizwa.

Jumamosi moja mafua yalimkausha Baba sauti. Niliwahi diski, nikaficha rimoti chini ya mto. Jamaa akavuka, mwanzo hadi mwisho, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Bibi hakucheka. Alinigusa goti.

"Yule mtu iko wapi sasa? Amevuka?"

"Bibi nawe! Si ameshavuka!" Nilidhani alikuwa amesinzia.

Baba alifungua mdomo kumjibu, ikatoka pumzi tu.

Tulipotoka kumzika Bibi, miaka mingi baadaye, ndipo Baba aliponiambia. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia tangu wakati ule. Televisheni kwake ilikuwa mwanga unaochezacheza tu, na alimwapisha Baba asimwambie mtu. Mpaka leo inaniudhi. Wangeniambia, ningemsimulia mimi, tena bila kusimamisha picha.