Gorogoro Iliyokataa Kuitika

Siku ya mtihani, mbele ya darasa zima, binti yangu aliandika amri ya kuiendesha programu yake, java Gorogoro, na mashine ikasema haiijui Gorogoro. Akaandika tena. Ikaikana tena.

"Madam, programu yako imeenda matanga?" mwalimu akamuuliza. Wakacheka. Akampa sifuri.

Nilikuwa mlangoni mwa darasa na beseni langu la omena, dagaa wa ziwani. Ziwa liliwahi kupindua mashua yetu, nikatoka hai peke yangu, na bado siku hiyo iliniuma kuliko ile ya maji.

Na Gorogoro tuliijua! Tuliitengeneza pamoja kwenye meza yangu katika soko la Otonglo, tukaipa jina la kopo langu la kupimia. Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini nilipima, yeye akaandika: gorogoro ya omena kavu ni kilo ngapi, ya mbichi ngapi. Nilimpenda akikunja uso vile, magamba ya samaki kwenye kompyuta.

Mwalimu ndiye aliyemwambia kila mtu aiweke kazi yake ndani ya package, yaani boma lenye jina lake. Binti yangu yake akaiita soko: folda ya jina hilo, na juu kabisa ya kazi, package soko. Lakini kuiendesha, mwalimu alibonyeza tu kile kitufe cha kijani cha mashine yake. Siku ya mtihani akaleta mashine zisizo na kitufe, kila mtu aandike amri mwenyewe.

Jioni hiyo, kabla ugali haujaiva, binti yangu alitoka nje ya ile folda hatua moja, akaandika java soko.Gorogoro. Ikaitika! Akanikumbatia na mwiko wangu mkononi.

"Mama, kule ulikoolewa, nani anakuita jina lako tupu?"

"Athubutu nani? Mimi ni nyar Asembo, binti wa Asembo."

"Na mgeni anakuitia wapi?"

"Langoni. Aingie mpaka jikoni ndio aniite, kwani yeye ni nani?"

"Basi mimi niliingia mpaka jikoni, halafu nikaiita Gorogoro bila jina la kwao, soko."

Tulicheka mpaka ugali ukaungua.

Kesho yake alimpelekea mwalimu ile Gorogoro inayoitika. Mwalimu hata hakuiangalia. Eti alama zimeshaenda, arudie mwaka.

Wewe mwalimu, unayelala Milimani kwa wakubwa, ndiwe ninayekusema. Uliwaingiza watoto ndani ya boma, ukawaficha jinsi ya kuita kutoka langoni, kisha ukawacheka. Jumatatu nitakuwa mlangoni kwako na binti yangu na kompyuta yake. Utaangalia Gorogoro ikiitika, halafu utanijibu mimi, nyar Asembo: ile sifuri ni ya nani?