Togwa ya Bibi Ketrina

Madereva wa malori waliokwama foleni ya mpakani walimjua Bibi Ketrina wa mji wa Mpemba kwa ndoo yake ya bluu ya togwa. Jioni alipika uji wa mahindi, akauzimua kwa maji ya bomba, akatia kimea cha ulezi, akafunika mpaka asubuhi. Kikombe cha kwanza hakikuuzwa. Alikinywa mjukuu wake, Lusajo. Ndivyo mama yake alivyofanya kule Mbozi: mtoto wa nyumbani kwanza, ili mgeni anywe bila wasiwasi.

Kisha maji ya mji yakakabidhiwa kampuni moja, ichore mtambo wa kuyasafisha, iujenge, iuendeshe yenyewe. Maji yakaja meupe, yananuka dawa ya kuua vijidudu. Togwa ikagoma. Asubuhi unaifunua, imelala tu kama uji wa mgonjwa.

Kwenye mkutano wa mji Bibi Ketrina akasimama, mkono kiunoni.

"Mwanangu Boazi," akamwambia mkubwa wa mtambo, "dawa yenu imeniulia kimea. Nile nini?"

Watu wakacheka. "Punguzeni!" wakapaza sauti, maana hata chai ilinuka.

Gwalugano, mwalimu mstaafu, akanyoosha mkono. "Ikipunguzwa, nani atapima kama inatosha?"

"Sisi wenyewe, mzee," Boazi akajibu. " Mtambo wetu, tunaujua."

"Na ninyi mnapimwa na nani?"

"Mwalimu, kaa chini, hapa si darasani!" mtu akadakia, na kicheko kikamfunika.

Boazi akatabasamu. "Mama yangu, utafurahi."

Akafurahi kweli. Harufu ikaisha, togwa ikarudi, madereva wakarudi. Halafu mvua zikaanza. Maji ya bomba yakaingia rangi kidogo tu, kama yamesuuziwa kikombe cha chai. Dawa hayakunuka hata kidogo. Bibi akaona, akaendelea kupika. Si aliyataka mwenyewe?

Asubuhi moja akakuta povu limeinua kifuniko cha ndoo. Togwa haikuwahi kuumuka vile. Akamchotea Lusajo kikombe chake, mtoto akakimaliza, akalamba mdomo.

Hapo Rozi, jirani yake, akapita mbio, mwanawe mgongoni, miguu ya mtoto inaning'inia kama kitambaa.

"Rozi! Kulikoni?"

"Anaharisha maji matupu, shangazi! Na kwa mama Jenista wawili. Zahanati imejaa!"

Bibi Ketrina akageukia ndoo. Povu lilikuwa linapasuka polepole, lina sauti yake. Dawa ile ilipoondoka, hakikupona kimea peke yake.

"Bibi, nimiminie basi, foleni inasogea," dereva akaita kutoka barabarani.

Akaibeba ndoo kwa mikono miwili, akaimwaga yote mtaroni.

"We Bibi! Umerogwa?"

Akakaa kizingitini, akamvuta Lusajo katikati ya magoti, akaweka kiganja tumboni mwake. Tumbo lilikuwa linanguruma.

"Linauma?"

"Haliumi, Bibi," mtoto akasema. "Nina kiu tu. Naomba maji."