Karne Tatu za Gloire

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa. Nilipewa fagio. Ilikuwa kijijini Marabo, kwenye kituo cha afya cha vyumba vinne, na mimi nilikuwa msichana wa usafi, fille de salle kama walivyoandika kwenye karatasi yangu. Baridi ya asubuhi ya Marabo ninyi vijana hamuijui. Ilikuwa inagandisha chai kabla haijafika tumboni. Wakina mama walileta watoto wamefungwa kofia ya sufu, soksi, koti na blanketi mbili, mpaka unajiuliza kama ndani kuna mtoto kweli ao ni viazi vinaenda sokoni.

Muuguzi mkuu wa kituo, tunayemwita Titulaire, mzee mrefu mwenye suruali fupi, aliniona nikifagia huku shingo yangu imegeukia meza yake ya kupimia.

«Weye, unafagia ao unasoma?»

«Minafanya yote mbili, Titulaire.»

«Basi kuya hapa. Shika mukono ya huyu mutoto. Unasikia nini?»

Nikashika. Pale kwenye kiungo mfupa ulikuwa umevimba pande zote. «Ni kama iko na bangili chini ya ngozi.»

Yule mzee alinitazama muda mrefu kuliko misa ya Pasaka. Kisha akanionyesha mengine: kwenye mbavu, vinundu vilivyopangana kama shanga, utosi uliochelewa kufunga, kichwa kinachotoka jasho mtoto akinyonya, na miguu iliyopinda kama upinde. «Njo rachitisme ile, ugonjwa wa matege,» alisema. «Mifupa imekosa vitamini D, imekuwa laini kama mukate katika chai.»

Vitamini D, alinieleza, mwili unajitengenezea wenyewe jua likipiga ngozi. Mtoto anayefungwa blanketi siku nzima, ama anayefichwa ndani, hana pa kuipata. Na akila bui, yaani uji wa mahindi, peke yake, bila maziwa, bila ndagala, wale samaki wadogo wenye mifupa yao, basi ni mfupa unaojengwa bila mawe. Nilicheka. Jua letu hili linalokausha mihogo kwa siku mbili, mtoto alikose! Titulaire hakucheka.

Ndiye aliyenisukuma kwenye shule ya jioni. Mchana fagio, jioni daftari, miaka minne. Taa yangu ilikunywa mafuta kama mlevi siku ya malipo, na kitabu cha anatomia kilikuwa kizito kuliko ng'ombe mwenye mimba. Nilipopata diploma yangu, nilitembea nayo mkononi barabara yote bila kuikunja, ili hata mbuzi waione.

Nikapelekwa Bunia, kwenye kituo cha Nyakasanza, na huko nikawa muuguzi wa watoto, munganga kama wanavyotuita, kwa miaka ishirini na kitu. Miaka ile watu walikuwa wanakimbilia mjini kutoka kila upande. Wakina mama waliogopa kuacha watoto nje. Wenye biashara waliwafungia nyuma ya duka pamoja na dada mkubwa, wenye kukimbia vita waliwaficha chini ya turubai. Matege yakaongezeka. Mimi nilikuwa na jicho, nawaambia! Ningeweza kuona matege ya mtoto aliye Kisangani nikiwa nimekaa Bunia. Akipita barabarani mgongoni kwa mama yake, mimi dirishani nilishajua ni ampuli gani atakunywa.

Sasa niwaeleze ile ampuli, maana ndiyo kisa chenyewe. Ni chupa ndogo ya kioo, unavunja shingo yake, unamimina katika kijiko, mtoto anakunywa. Ndani kuna vitamini D nyingi kwa mara moja, ya kumtosha miezi. Haitoki mwilini kwa haraka kama nyingine. Inajificha katika mafuta ya mwili na kukaa. Msimamizi wa wauguzi wa zone ya afya, mtu wa maneno machache, alikuwa anapita kila mwezi na pikipiki yake, na kila mwezi alisema lile lile:

«Ampuli moja. Kisha miezi tatu unangoja. Miguu hainyooki kwa wiki mbili, na mama atakulilia. Muache alie.»

Pamoja na ampuli unaandika jua: asubuhi, mkeka uani, mikono na miguu wazi. Unaandika mayai, ndagala, maziwa kama yapo. Basi. Ni ugonjwa mwepesi kutibu kuliko malaria, kama unajua kungoja.

Lakini kulikuwa na desturi moja pale kwetu, na mpaka leo iko. Munganga anayeuliza sana ni munganga asiyejua. Mama anaweka mtoto mezani, anakunja mikono, anakuambia: «Angalia.» Ukimuuliza mtoto alitibiwa wapi, anakutazama kama vile umemwomba akufanyie kazi yako. Na mimi, binti wa fagio niliyesoma jioni, nilikuwa na hamu ya kuonekana ninajua kuliko daktari mwenye miwani miwili. Sikuuliza. Niliangalia.

Hivyo ndivyo alivyonijia Mama Gloire. Alikuwa mchuuzi wa mabeseni ya plastiki, alitoka upande wa Butembo na mume wake, duka lao lilikuwa mtaa wa Rwambuzi. Gloire alikuwa na mwaka mmoja na nusu na hakuwa ametembea. Msichana mwenye mashavu, mcheshi, alinivuta hereni mara mbili.

«Angalia,» mama alisema.

Nikashika mkono, nikapitisha kidole mbavuni. «Mama, huyu mutoto haone jua. Anakaa nyuma ya duka.»

Alitumbua macho. «Nani alikuambia?»

«Mifupa yake njo inaniambia.»

Yeye akacheka, mimi nikacheka, Gloire akacheka. Nilivimba kifua mpaka vifungo vya blouse vililia. Nikampa ampuli, nikaandika katika karne yake, yaani kile kitabu kidogo cha afya. Karne ilikuwa mpya kabisa, bila hata neno moja. Nilipaswa kujiuliza: mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mama mwenye duka, karne haina hata chanjo moja? Sikujiuliza.

Baada ya wiki mbili alirudi.

«Munganga, miguu ingali vile vile. Weye njo ulijua bila kuambiwa. Usinifukuze.»

Nilisikia sauti ya msimamizi na pikipiki yake. Lakini lile neno lake, weye njo ulijua, lilikuwa tamu. Nikavunja ampuli ya pili. Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Kisha sikumwona mwezi mzima. Nilipomwona tena nilikuwa nimepelekwa kwa mafunzo ya wiki chache kwenye chumba cha watoto cha hospitali moja mjini, chini ya daktari wa watoto, mwanamume mpole mwenye sauti ya sakristia. Gloire aliletwa akitapika. Alikuwa amekonda, mashavu yamekwisha, tumbo limefunga siku nyingi, na kiu, kiu isiyokwisha. Alikuwa anakunywa maji na kukojoa, anakunywa na kukojoa. Hakunivuta hereni.

Daktari yeye aliuliza. Alikuwa na diploma za kutosha kuuliza.

«Mama, alikunywa dawa gani, na ilitoka fasi gani, kituo gani?»

Mama Gloire aliingiza mkono ndani ya kitenge na kutoa karne tatu.

Tatu. Moja ya kituo changu, moja ya zahanati ya kanisa, moja ya munganga wa binafsi karibu na soko. Aliogopa kudanganywa, alisema. Mjini wauguzi wengi wanabahatisha. Kwa hiyo alinunua karne mpya kwa kila mlango, akaficha zingine, apate kuona kama sote tutakuta ugonjwa ule ule bila kuambiana.

Na tulikuta! Huo ndio uchungu wenyewe, vijana wangu. Daktari alizipanga kitandani, ubavu kwa ubavu, tukasoma. Rachitisme. Rachitisme. Rachitisme. Hakuna mmoja wetu aliyebahatisha. Na kila mmoja alitoa ampuli, kila mmoja akairudilia kwa sababu miguu ilikuwa bado, na yule wa sokoni alitoa tatu kwa jumla, na syrup ya kalsiamu juu yake. Nilihesabu kwa kidole. Ampuli saba katika muda ambao ilipaswa kuwa moja. Vitamini imezidi, chokaa ya kalsiamu imejaa katika damu, mafigo yanaziba kama bomba la maji machafu.

Daktari alimwekea serum, maji ya mshipani, akasimamisha maziwa, akakataza hata jua. Hebu fikirini, mimi niliyeandika jua kwa nusu ya watoto wa Nyakasanza, nikifunga pazia ili lisimguse mmoja. Alipigana wiki mbili. Mafigo yakakataa.

Nilipokuwa namfunga Gloire katika kitenge cha mwisho, niliona miguu yake. Ilikuwa imeanza kunyooka.

Kule korido daktari aliniita pembeni. «Josée, mama tutamwambia ni mafigo. Ni kweli, haiko uongo. Ukianza kueleza ampuli, kesho watu watavunja kituo, na mama wengine hawataleta tena watoto. Unasikia?»

«Minasikia, Docteur.»

Na nilisikia vizuri sana. Nilisikia kwa miaka kumi na moja.

Msidhani nilikaa bure. Niliporudi Nyakasanza nilikuwa mtu mwingine. Hakuna mama aliyeketi mbele yangu bila kusikia: «Leta karne zote. Hata ile uko nayo kwa mushipi.» Waliniita Mama Leta-Zote. Walisema nimesahau kazi, nimezeeka, zamani nilikuwa najua bila kuuliza. Wengine walihama kwenda kwa vijana wenye jicho. Niliuliza tu. Nikachekwa na kusengenywa, lakini katika zile karne zilizotoka chini ya vitenge nilikuta ampuli mbili hapa, tatu kule, na nikasema: hapana, mama, huyu ameshakunywa, ngoja. Hakuna aliyenishukuru kwa dawa nisiyotoa.

Siku ya kustaafu walinipa kitenge na soda, na hotuba iliyosema sikuwahi kukosea. Ndefu, hotuba ile! Nilikaa pale nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Wiki iliyofuata nilikwenda Rwambuzi. Nitawaambia ukweli: nilikwenda kwa sababu sikuwa tena na kazi ya kupoteza. Mama Gloire alikuwa anapanga mabeseni mbele ya duka, makubwa chini, madogo juu. Alinipa kiti. Nikamweleza yote, zile ampuli saba, na kwamba mbili zilikuwa za mkono wangu, na ile ya pili nilijua sipaswi kuitoa.

Hakuacha kupanga.

«Minajua, munganga.»

«Unajua?»

«Docteur alipanga zile karne kwa kitanda mbele yangu. Miye niko muchuruzi, minajua kuhesabu. Niliona munaangaliana.» Akachukua beseni, akalipangusa kwa kiganja. «Nikasema: ni miye niliua mutoto yangu, juu ya kuficha. Zile karne nilichoma kabla matanga iishe. Baba Gloire hajui mpaka leo. Anazani ni Mungu.»

«Haikukuwa weye peke yako, mama. Ni siye wote watatu. Mimi zaidi.»

«Ile siku ya matanga ulikuya. Ulikaa pembeni yangu, ulilia kuliko hata mama yangu. Nikasema moyoni: huyu atafungula kinywa, atasema, tutabeba wawili. Nikangoja.» Sasa ndipo alinitazama. «Ukakula, ukanawa mikono, ukaenda.»

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimevaa hata viatu vya kukimbilia, siwafichi. Lakini kwa hili nilitafuta neno la kuomba msamaha na yote niliyoyapata yalikuwa ya hospitali.

Mwanamke mmoja alisimama mlangoni akiuliza bei ya beseni la kuogea mtoto. Mama Gloire alimwitikia, akaninyooshea mkono nimpishe.

«Songa kidogo, mama,» aliniambia. «Achia mutu apite.»

Nikachukua kiti changu, nikasogea.